Miguu ya Kafi na Magoti ya Mama

Nyinyi wajukuu zangu, na wajukuu wa wenzangu mtakaosoma haya, najua mnanicheka. Nikishuka ngazi za kanisa ninashuka kinyumenyume kama mtu anayemtoroka mchungaji, na nyinyi huko nyuma mnafinyana. Chekeni. Goti la kushoto halinitii, na la kulia limeanza kujifunza ujeuri kwa mwenzake. Mkimaliza kucheka, vueni viatu mtazame nyayo zenu, kisha msome. Sikuandika ili mnionee huruma. Huruma yenu hainishushi ngazi.

Mama yangu alikuwa na miguu ya kafi. Ndivyo tulivyoiita kijijini kwetu, chini kidogo ya kijiji cha Wema: mguu ambao wayo wake hauna uvungu, uko bapa kutoka kisiginoni hadi vidoleni, kama kafi la kuvutia mtumbwi. Mtu mwingine akikanyaga udongo mbichi, alama yake inakuwa nyembamba katikati. Alama ya mama ilikuwa nzima, pana, kama mtu amegandamiza kibao. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa akijivuna kwamba ndiye aliyemchagua mama aolewe, na kwamba hata uso hakuutazama.

"Nilimpeleka mtoni tukachote maji," alikuwa akisema. "Nikamwacha atangulie, mimi nyuma nasoma alama zake. Uso utazeeka. Mguu ule ni wa kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mto wetu ukifura, maji yanaingia mashambani na kukaa, na hayo ndiyo yanayolea mpunga. Yakianza kurudi mtoni mpunga umeiva, lakini yanaacha tope, na si tope la watoto kuchezea. Mtumbwi haupiti, na mtu mwenye mzigo anazama hadi magotini. Na huku ndege hawakungoji, wala viboko hawakungoji. Kwa hiyo kabla ya lolote, njia ya kutoka shambani hadi ukingoni palipoinuka ilibidi ikanyagwe. Walitangulizwa wanawake wenye miguu ya kafi, kwa sababu ilisemekana haizami, na walitwikwa makapu yaliyojaa masuke ya mwanzo, yaliyokatwa pembezoni karibu na ukingo, maana mtu asiye na mzigo hashindilii tope, analikoroga tu. Walikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka njia ishikamane na wengine wapite. Aliyekwenda mbele ya wote aliitwa mkanyaga njia. Mpunga mpya ukitwangwa, kibuyu cha kwanza cha wali ni chake, kabla ya wazee na kabla ya mwalimu wa kanisa.

Mama alikuwa mkanyaga njia tangu mimi sijazaliwa. Baba alipofariki, tukabaki mama, mimi na mdogo wangu wa kike, na shangazi nyumba ya pili. Wajane wengine waliamkiwa kwa haraka, mtu huku anapita. Mama alisimamiwa, akaulizwa habari za watoto. Ilikuwa kwa sababu ya ile miguu, na yeye alijua.

Ninayoyasimulia ni ya miaka ya hamsini, Wazungu wangali wanatawala. Nilikuwa msichana wa kutosha kuolewa, na darasani nilikuwa nimekaa miaka miwili tu. Goti la mama la kushoto lilianza taratibu. Asubuhi alikaa kitandani kwanza, akilikunja na kulikunjua, na ukiwa karibu ulisikia kitu ndani kikisagika, kama mtu anatafuna wishwa. Akishaanza kutembea linalegea, anafanya kazi mchana kutwa, na jioni limevimba. Kisha akawa anateremka ukingo wa mto ubavuubavu. Ukimtazama kwa nyuma uliona vifundo vya miguu vimelala kwa ndani, na magoti yanataka kugusana. Tulikuwa tumeyaona hayo siku zote, tukadhani ndivyo mama anavyotembea.

Kila mtu alikuwa na jina la ule ugonjwa. Jirani alisema baridi yabisi. Shangazi alisema kuna mtu amechota udongo wa alama ya mama akautupa mtoni, kwa kijicho cha kile kibuyu cha kwanza. Basi kwa muda wa mwezi mzima nilipewa kazi ya kumfuata mama nyuma na tawi, nafuta alama zake zisichotwe. Tulimpaka mafuta ya nyonyo, tukamkandia mchanga wa moto. Na miguu yenyewe, ile ya kafi, tuliilea kama mtoto. Jioni shangazi aliiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaipaka mafuta ya simsim, akisema, "Hii ndiyo mali yetu, isipasuke." Tuliosha nyayo na kulilia goti. Hakuna aliyeunganisha viwili hivyo, kwa sababu mguu wa kafi kwetu ulikuwa neema, na nani anaulaumu mguu wa neema?

Aliyeunganisha alikuwa mama mmoja wa Kiorma. Alikuwa akija kutoka malishoni na vibuyu vya maziwa kubadilishana mahindi, na alikuwa amezoea nyumba yetu. Siku hiyo mama alikuwa anajaribu kukaa kwenye kigoda, ameshika mlango kwa mikono miwili. Yule mama akatua vibuyu, akamtazama muda mrefu.

"Tembea," akamwambia.

"Nitembee niende wapi?" mama akauliza.

"Pale. Rudi."

Mama akaenda, akarudi. Yule mama alikuwa ameinama, anatazama chini kabisa, pale wayo unapogusa ardhi.

"Goti haina kosa," akasema. "Kosa iko chini. Mguu analala ndani, goti anafuata, anakula upande moja. Ng'ombe kama hii sisi hatupakii mzigo. Hatupeleki mbali. Inabaki nyumbani na ndama."

Shangazi alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama hewani. "Umemfananisha wifi yangu na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni mzuri. Nimemsifu."

"Mguu ule ndio uliolisha kijiji hiki!"

"Basi kijiji imekula goti yake," akajibu, na kuketi.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso, na shangazi akaingia ndani na ungo wake. Safari iliyofuata yule mama alimletea viatu vya ngozi ya ng'ombe, na upande wa ndani wa kila kiatu alikuwa ameshonea ngozi iliyokunjwa mara tatu, ijaze pale pasipo na uvungu. Mama alivivaa akienda kanisani na kisimani. Baada ya majuma mawili aliniambia asubuhi haikuwa mbaya sana. Lakini viatu havikanyagi tope. Tope linavivua hatua ya pili. Na yule mama aliporudi na kuuliza kama ameacha mzigo, mama alimjibu kwamba mpunga bado haujaiva.

Tulimpeleka pia kwa dresa wa zahanati ya Garsen, kwa mtumbwi, safari ya kutwa. Dresa alibonyeza goti, hakutazama chini yake. Alifunga tembe nyeupe ndani ya karatasi, akatoa na dawa ya kuchua, akasema, "Mama, upumzike." Mama akaitikia, "Haya," ile haya ya kumridhisha mtu. Simlaumu dresa. Kupumzika alikokusema kulikuwa dawa ya kweli. Ila hakujua kwamba mama akipumzika kuna mtu wa kusimama mahali pake, na mtu huyo alikuwa mimi. Mimi pia nilikuwa na miguu ya kafi. Shangazi alikuwa ameshasoma alama zangu zamani.

Na sasa niseme lililo gumu. Nilikitaka kile kibuyu. Nilitaka kusimamiwa njiani nikaulizwa habari. Mama alipokuwa anachechemea mimi niliona anachelewesha zamu yangu, na kila nilipomwambia, "Niachie mimi mwaka huu," alijibu, "Wewe bado." Mifupa yangu ilikuwa imekomaa, kifua kimejaa, wachumba wanakuja kuuliza, naye ananiambia bado.

Mwaka huo mto ulifura sana. Mpunga ulikuwa mzito, na maji yalipotoka yaliacha tope ambalo wazee walisema hawakuwa wameliona. Asubuhi ya kukanyaga, wanawake walikusanyika ukingoni. Mama alikuja na fimbo.

"Dada, naona leo umekuja na bwana," mmoja akamtania.

"Huyu afadhali," mama akasema. "Hadai chakula."

Wakacheka, na yeye akacheka nao. Mimi sikucheka. Nilimsogelea.

"Mama, keti. Nitakwenda mimi."

"Wewe utakata masuke na wenzako."

"Mguu ninao."

"Najua unao. Nimekuzaa mimi." Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, ukitwikwa leo hakuna atakayekutua. Watakutwika mpaka uwe kama mimi."

Nilimsikia vizuri. Maneno yaliingia sikioni, lakini moyoni yakaingia mengine. Nikasema kwa sauti, wanawake wote wakasikia, "Sema tu kwamba kibuyu unakitaka wewe."

Hakunipiga. Ingekuwa siku nyingine angenipiga. Aliweka fimbo chini, akachukua kata yake ya kutulizia mzigo akaiweka kichwani, akainama kidogo kungoja mzigo. Kwa desturi yetu anayemtwika mkanyaga njia ni mtu wa nyumbani kwake. Nikalijaza kapu. Nilipolijaza nilishindilia masuke kwa ngumi, nikaongeza mafungu mawili juu, nikashindilia tena. Wanawake waliona. Waligeukia makapu yao. Nia yangu ilikuwa aseme mwenyewe, mbele ya watu, kwamba hawezi. Basi nikalishika na msichana mwenzangu, tukaliinua, tukamtwika.

Hakusema hawezi. Alikwenda. Alifika shambani, akarudi, mguu wa kushoto anaurusha kwa pembeni na kuutua bapa, paa, paa. Alikwenda mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa anarudi, amebakiza hatua kama kumi afike ukingoni. Watu baadaye walisema walisikia goti likilia. Mimi nilikuwa nyuma yake tu, karibu kuliko wote, na sikusikia kitu. Niliona kapu linainama upande wa goti la kushoto, polepole. Kisha mama hayupo, na kata yake iko juu ya tope peke yake.

Walimtoa wanawake wanne, wakamlaza kwenye mkeka. Goti lilikuwa limetazama kusiko kwake. Alikuwa na tope hadi kwenye nyusi na hakulia, alikuwa anapumua tu kwa mdomo. Ndipo wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakageuza macho. Hawakunitazama uso. Walitazama miguu yangu.

"Binti yupo," shangazi akasema.

Nikatwikwa. Nilikanyaga njia ile siku hiyo na siku ya pili yake. Siku ya kwanza, kila niliporudi ukingoni nilipita kando ya mkeka wa mama, maana hakukuwa na mtu wa kumbeba mpaka kazi ipungue, na njia ilikuwa ni hiyo moja. Alikuwa ananitazama. Nilidhani atanilaani. Alikuwa anahesabu hatua zangu kwa midomo, bila sauti.

Mpunga ulipotwangwa nililetewa kibuyu cha kwanza. Nikala. Wali ulikuwa mtamu. Ningependa kuwaambia kwamba ulinikwama kooni, lakini haukunikwama. Nilikula wote, na mama akiwa ndani, mlango uko wazi, anasikia kijiko.

Hakusimama tena. Goti lilipona vibaya, likabaki limekunjika, na lile la kulia, lililokuwa linabeba kazi ya mawili, likakataa nalo. Alijivuta kwa makalio juu ya kipande cha ngozi, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni. Alisuka mikeka, alichambua mchele, alimsuka nywele mdogo wangu. Mwanzoni watu walikuja kumjulia hali. Baadaye walipita wakiamkia huku wanakwenda, kama walivyowaamkia wajane wengine. Yule mama wa Kiorma alikuja na maziwa yake, akamwona, akaketi naye muda mrefu. Alipoondoka aliacha kibuyu kimoja na hakuchukua mahindi. Shangazi akamwita arudi achukue. Hakugeuka.

Miaka mingi baadaye, mama ameshazikwa zamani na mimi magoti yangu yameshaharibika, daktari mmoja wa mifupa alinikalisha akanieleza. Wayo usio na uvungu ukilala ndani, alisema, muundi nao unajizungusha kwa ndani, na goti linapokea uzito upande mmoja. Ile gegedu laini iliyo kati ya mifupa inalika, inalika, mpaka mfupa unasuguana na mfupa. Akasema si kila mwenye wayo wa hivi anapatwa. Ni kweli, nawajua walioishi hadi uzee na miguu ya kafi wakitembea wima. Lakini ukiongeza mizigo, akasema, na ukiongeza miaka, unaharakisha huko kulika. Nilimuuliza kama ng'ombe nao huwa hivyo. Alidhani namtania.

Mama alikaa ndani misimu mitatu ya mpunga. Katika muda huo mimi niliolewa hapohapo kijijini, na msimu wa tatu nilikuwa na mimba, na asubuhi nilikuwa nimeanza kukaa kitandani kwanza, nikilikunja goti na kulikunjua. Sikumwambia mtu. Yeye alijua. Siku moja nilikuwa namwosha, mdogo wangu akaingia kutoka mtoni na miguu mibichi, akapita juu ya sakafu ya udongo kavu. Mama akatazama zile alama. Zilikuwa nzima.

"Naye anao?" akaniuliza, kama vile hakuwa amejua, na alikuwa amejua.

"Anao."

Akaelekeza uso ukutani, akaniachia mgongo nimalize kumwosha. Juma lililofuata hakuamka. Hakuacha wosia, na yale niliyomwambia pale ukingoni hatukuyazungumza hata siku moja. Nilidhani nitayasema nikishajifungua. Tulimzika asubuhi, mvua inanyesha, na waliolibeba jeneza waliteleza mara mbili kwenye ule ukingo.

Mdogo wangu akahamia kwangu. Maji yalipotoka mashambani mwaka huo, wanawake walikuja mlangoni, shangazi yuko mbele yao. Mume wangu alikuwa ameketi anashona wavu, na mama mkwe wangu alikuwa jikoni.

"Wewe una mimba, hatukuombi wewe," shangazi akasema. "Tumekuja kumchukua mdogo wako. Ameshakuwa mkubwa."

Mdogo wangu alisimama. Alikuwa anatabasamu. Aliutafuta ukanda wa kujifunga kiunoni haraka kwa furaha, na niliijua furaha ile ilivyo, mimi niliyekuwa nayo.

"Mpe aende," mume wangu akasema, hakuinua macho. "Ni siku mbili tu."

"Ni heshima ya mama yenu," shangazi akasema.

Matete yalikuwa yamejaa ukingoni, urefu wa watu wawili, toka kwetu hadi Kau, huko chini mto unakokwenda. Yangetandikwa juu ya tope mtu angepita hata na viatu. Hakuna aliyewahi kuyakata kwa kazi hiyo, kwa sababu kukata matete ni kazi ya wanaume na miguu yetu ilikuwa inapatikana bila kuombwa mara mbili. Mwaka huo yalikatwa, na yalichukua asubuhi mbili. Lakini wakati ule nimesimama mlangoni nilikuwa sijui kama yatakatwa. Nilijua tu kwamba mpunga wetu unaweza kuoza, na kwamba mimi nitatajwa kuwa ndiye niliyeuozesha, na kwamba mume wangu anaweza kunirudisha kwa shangazi yangu.

Nikamnyang'anya mdogo wangu ule ukanda. Kisha nikawaambia wote wa nyumba yangu, wakubwa na wadogo, na sauti yangu ilisikika hadi mtoni:

"Huyu hatwikwi. Si leo, si mwaka mwingine, hata kijiji kizima kilale na njaa. Wewe mume wangu, weka wavu chini uchukue panga, ukawaite wenzako mkate matete mtandike njia. Mama mkwe, usiinjike chungu mpaka watoke. Na wewe, mdogo wangu, ingia ndani ukae. Shangazi mpeni kigoda, maana atangoja."